Papwa Sewgolum: mtu wa fimbo za golfu aliyeshika kinyume akashinda wakubwa

Kwa wakaaji wengi wa Kisangani, neno golfu halikumbushi mchezo, linakumbusha vita. Tarehe 24 mwezi wa 11 mwaka 1964, asubuhi na mapema, ndege 5 za Marekani za aina ya C-130 zilipita juu ya Simi-Simi na kumwaga ma-para wa Ubelgiji karibu 320. Walianguka na miavuli yao kwenyi uwanja wa golfu uliokuwa kando ya uwanja wa ndege. Majani yalikuwa yamekatwa, hakuna miti mikubwa, hakuna nyumba: pahali pazuri pa kutua mtu anayetoka angani. Kutoka hapo walikimbia kuondoa mapipa na magari yaliyokuwa yamefunga njia ya ndege, kisha wakaingia mjini. Wazee wanajua kilichofuata, na watu waliokufa siku zile, weupe na zaidi weusi, wanajulikana katika jamaa nyingi mpaka leo.

Lakini uwanja huo haukutengenezwa kwa ajili ya ma-para. Ulitengenezwa kusudi wakubwa wa Stanleyville wapige mupira mdogo mweupe kisha kazi. Ginsi ilivyokuwa Stanleyville, ndivyo ilivyokuwa katika miji mingine ya ukoloni. Huko Lubumbashi kuna mtaa mzima unaoitwa Golf. Mweusi angeweza kukanyaga majani hayo, lakini kama mtu wa kazi: kukata majani, kutafuta mipira iliyopotea, kubeba mfuko wa fimbo. Kupiga, hapana.

Sasa, mwaka uleule wa 1964, huko Uholanzi, mtu mmoja aliyeanza maisha kwa kubeba mifuko ya wazungu alishinda mashindano makubwa ya golfu ya inchi ile kwa mara ya tatu. Aliitwa Sewsunker Sewgolum, lakini watu wote walimuita Papwa. Alikuwa Muhindi wa Durban, Afrika ya Kusini. Hakujua kusoma wala kuandika. Na fimbo alikuwa anaishika kinyume.

Papwa alizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1920, upande wa Riverside, kaskazini mwa mto Umgeni, ndani ya Durban. Jamaa za Kihindi za Natal wengi wao ni wajukuu wa watu walioletwa na Waingereza kuanzia mwaka 1860, kufanya kazi ya mkataba katika mashamba ya miwa. Walikuja kwa miaka michache, wakabaki. Riverside ilikuwa mtaa wa watu masikini, wavuvi, walimaji wa mboga, wafanyakazi wa viwandani. Karibu kabisa na hapo kulikuwa uwanja wa golfu wa wazungu. Kwa mtoto wa Riverside, uwanja ule ulikuwa sawa na soko: mtu anaenda asubuhi, anasimama mulangoni, anangoja muzungu amchague kubeba mfuko, jioni anarudi nyumbani na feza kidogo. Papwa alianza kazi hiyo akingali mutoto, na masomo yakaishia hapo.

Mwenye kubeba mfuko anajifunza mambo ambayo mwenye fimbo hayaoni. Anatembea kilometa nyingi kila siku kwenyi majani, mashimo 18, anaona mupira wa kila mtu unaangukia wapi. Anajua upepo wa saa nne na upepo wa saa tisa. Anajua fimbo gani inatoka katika mfuko wakati shimo liko mbali, na gani wakati mupira umelala mu mchanga. Papwa alisoma golfu kwa macho, miaka na miaka, kabla ya kuwa na fimbo yake mwenyewe.

Fimbo yake ya kwanza ilikuwa kipande cha mti, tawi alilochonga kwa mkono, na mipira ilikuwa ile iliyopotezwa na wenyewe. Ndiyo maana haifai kushangaa sana kuhusu mikono yake. Mtu wa mkono wa kuume, kwa kawaida, anashika fimbo ya golfu mkono wa kushoto ukiwa juu, karibu na mwisho wa fimbo, na mkono wa kuume chini yake. Papwa aliweka kinyume: wa kuume juu, wa kushoto chini, na bado akasimama upande uleule wa mtu wa kuume. Kama unataka kuelewa, chukua fagio au mwiko wa kusonga fufu, ushike kawaida, kisha ugeuze mikono bila kugeuza mwili. Utaona mikono inagombana, kisigino cha mkono kinakataa kuzunguka. Walimu wote wa golfu, kama wangemupata akiwa mutoto, wangemukataza. Hakukuwa mwalimu. Kulikuwa mutoto peke yake na tawi, na mupira ulikuwa unaenda pahali alipotaka uende. Leo mushiko ule una jina lake katika lugha ya wachezaji wa golfu.

Hapa ni lazima kusimama kidogo, juu kuna vijana wa Goma, wa Bukavu, wa Lubumbashi wanaoanza mchezo huu na wanauliza kama na wao wajaribu mushiko wa Papwa. Jibu la wanaojua ni hapana. Mushiko wa kawaida unaruhusu mikono igeuke kwa urahisi wakati wa kupiga, na mupira unapata nguvu bila mtu kutumia nguvu nyingi. Wa Papwa unafunga vifundo vya mikono. Ili mupira uende mbali ni lazima mabega na kiuno vifanye kazi yote, kwa wakati kamili, kila mara. Yeye aliweza kwa sababu alipiga maelfu na maelfu ya mipira. Kitu cha kujifunza kwake ni kingine. Mikono yake ilikuwa laini. Anayeanza anakamata fimbo kama mtu anayekamata panga la kufyeka msitu, mishipa imesimama mpaka shingoni, na mupira unaenda upande. Fimbo inashikwa ginsi mtu anashika ndege mdogo: asitoroke, lakini asife. Miguu inafunguka sawa na upana wa mabega. Fimbo ikienda nyuma, uzito unahamia mguu wa kuume na mgongo unageuka kuangalia kule mupira utaenda. Ikirudi, kiuno kinaanza, mikono inafuata, na mwishoni mtu amesimama juu ya mguu wa kushoto, mukaba wake wa suruali unaangalia shimo. Akianguka baada ya kupiga, alipiga kwa nguvu kupita. Wachezaji wengi wa siku ya mungu wanaanguka.

Na fimbo zenyewe? Sheria inaruhusu mtu kubeba 14, si zaidi. Hiyo ndiyo inawatisha watu, wanafikiri ni lazima kununua zote 14. Papwa alianza na tawi moja. Anayeanza anaweza kucheza vizuri na 6 ao 7: moja ndefu ya kichwa kinene kwa kuanzia shimo, fimbo za chuma tatu, tuseme namba 5, namba 7 na namba 9, moja ya uso uliolala sana kwa kutoa mupira mu mchanga, na ile fupi ya kusukuma mupira polepole mpaka shimoni. Namba inasema uso wa fimbo umelala namna gani: namba ndogo, uso umesimama na mupira unaenda mbali na chini, namba kubwa, uso umelala, mupira unapanda juu na kuanguka karibu. Kati ya namba na namba ya pili yake, kwa mtu wa kawaida, tofauti ni kama metre 10. Namba 7 ndiyo mwalimu mzuri, juu haiko ndefu haiko fupi. Aliyeijua namba 7 anazijua nusu ya zingine.

Fimbo za okazyo hazina aibu yoyote, nyingi zilizoko huku ni za namna hiyo. Lakini kuna mambo matatu ya kuangalia kabla ya kutoa feza. Kwanza urefu: simama wima, mikono imeshuka, na umbali kutoka kifundo cha mkono mpaka chini ndio unaoonyesha kama fimbo inakufaa, mtu mfupi mwenye fimbo ndefu anapiga udongo. Pili ugumu wa mti wake. Fimbo ngumu ni ya mtu anayepiga kwa kasi kubwa. Anayeanza, ao mzee, ao mutoto, anahitaji inayopinda kidogo, la sivyo mupira haupandi. Tatu, mpira wa kushikia. Ukiwa umekauka na kuteleza, na hapa Tshopo mvua haingoji ruhusa, mkono utaukamata kwa nguvu na mambo yote ya mikono laini yameisha. Kubadilisha mpira huo hakugharimu sawa na kununua fimbo nyingine.

Papwa hakupata kuchagua mambo hayo dukani. Alipokuwa mtu mzima alikuwa anafanya kazi ya kiwanda. Mashindano aliyoruhusiwa kuingia yalikuwa yale ya wasio wazungu, watu weusi, Wahindi na machotara, kwenyi viwanja vibaya, na huko alishinda mara kwa mara. Mwaka 1948 chama cha National kilikuwa kimepata utawala na apartheid ikawa sheria: kila rangi na mtaa wake, shule yake, kiti chake mu gari. Hakukuwa sheria moja kubwa iliyoandika kwamba mtu mweusi ao Muhindi asipige mupira wa golfu. Haikuhitajika. Uwanja ulikuwa katika mtaa wa wazungu, nyumba ya klabu ilikuwa ya wazungu, na kuingia bila ruhusa ya serikali ilikuwa kosa. Mtu angeweza kuwa mchezaji wa kwanza wa inchi na hakuna pahali pa kuonyesha.

Bwana wake wa kazi ndiye aliyemufungulia mulango. Aliitwa Graham Wulff, mtaalamu wa kemia wa Durban, ndiye aliyetengeneza mafuta ya uso yaliyojulikana kwa jina la Oil of Olay, ambayo mama wengi wa huku waliyatumia bila kujua yalitoka Durban. Papwa alikuwa mfanyakazi mdogo katika kiwanda hicho, mambo ya chupa. Wulff alikuwa mpenzi wa golfu. Alipoona ginsi mfanyakazi wake anavyopiga, aliamua kumupeleka Ulaya. Mwaka 1959 alimupakia katika ndege yake mwenyewe, ndogo, akairusha kutoka kusini ya Afrika mpaka Uingereza. Papwa hakuwa amewahi kutoka katika inchi yake.

Huko Uholanzi, mwaka huohuo, alishinda mashindano ya taifa, yale yanayoitwa Dutch Open. Wachezaji wa kazi wa Ulaya walimuangalia akishika fimbo kinyume, na mwisho wa siku mupira wake ulikuwa umeingia mashimo yote kwa mapigo machache kuliko yao. Wengine waliona ni bahati. Mwaka 1960 alirudi na kushinda tena. Habari ilifika Durban, na katika mitaa ya Wahindi watu walikuwa wanamungoja kama mashujaa wa kabumbu wanavyongojwa. Kwa serikali ya Pretoria hiyo ilikuwa shida. Mtu anashinda wazungu wa Ulaya nje, akirudi nyumbani haruhusiwi kucheza na wazungu wa Durban. Magazeti ya dunia yalikuwa yanauliza maswali. Baada ya kuomba na kuombewa, ruhusa zilianza kutolewa, moja moja, shindano kwa shindano. Ruhusa ya kupiga mupira ilikuwa ya mupira tu. Nyumba ya klabu, pahali pa kula na pa kubadilisha nguo, haikukuwa ndani ya karte hiyo.

Hivyo ndivyo ilivyofika siku iliyomufanya ajulikane duniani kote. Mwaka 1963, kwenyi uwanja wa Durban Country Club, mojawapo ya viwanja bora vya Afrika, Papwa aliingia katika Natal Open pamoja na wazungu zaidi ya mia moja. Alishinda. Ile siku mvua ilikuwa inanyesha. Wachezaji wazungu na wakubwa wa klabu walikuwa ndani, wamekauka, na vinywaji mikononi. Mshindi hakuweza kuingia, juu sheria ilikataza Muhindi katika nyumba hiyo. Wakamuletea kikombe nje. Alisimama mu mvua, akakipokea, na mtu wa picha akapiga picha.

Picha ile ilizunguka dunia. Watu waliokuwa wanasema michezo na siasa ni vitu viwili walipata kazi ya kueleza. Kuna wanaosema mpaka leo kwamba klabu haikukuwa na namna nyingine, sheria ni sheria. Ni kweli kwamba sheria ilikuwepo. Lakini wakubwa wa klabu nao walikuwa na miguu; kutoka nje na kulowana pamoja na mshindi hakukukatazwa na sheria yoyote. Papwa mwenyewe hakuwa mtu wa mikutano wala hotuba. Alikuwa mupole, mwenye kunyamaza, alitaka kucheza na kulisha bibi na watoto wake.

Mwaka huo wa 1963 alifika pia katika Open ya Uingereza, huko Royal Lytham, mashindano ya zamani kuliko yote ya golfu, na akamaliza katika nafasi ya 13, akifungana na wengine. Aliyeshinda pale alikuwa Bob Charles wa New Zealand, mtu wa kwanza wa mkono wa kushoto kushinda moja ya yale mashindano makubwa manne. Mwaka wa mikono ya ajabu, kweli.

Mwaka 1964, ule ambao Simi-Simi iliona ma-para, ulikuwa wa Dutch Open yake ya tatu. Na mwaka 1965 alishinda Natal Open tena, safari hii Gary Player akiwa mmoja wa waliobaki nyuma yake. Ili kuelewa uzito wa jambo hilo: Player, muzungu wa Johannesburg, alikuwa kati ya wachezaji watatu bora wa dunia. Katika mwezi wa 6 wa mwaka huo alishinda US Open huko Marekani na kuwa mmoja wa watu wachache kabisa waliokamilisha mashindano yote manne makubwa. Mtu huyo ndiye aliyeshindwa na mfanyakazi wa kiwanda asiyejua kusoma.

Inaonekana hapo ndipo serikali ilipoona inatosha. Mwaka huohuo wa 1965 ilikaza sheria za mchanganyiko wa rangi katika michezo, hata kwa watazamaji. Wahindi na weusi waliokuwa wanajaa pembeni ya uwanja kumushangilia Papwa walihitaji nao ruhusa. Mwaka 1966 yeye mwenyewe alikatazwa kuingia katika mashindano ya wazungu, na paspoti yake ikachukuliwa. Hakufungwa gereza, hakupigwa. Walimuacha nyumbani kwake na fimbo zake, na hakuna pahali pa kuzipeleka. Ulaya, ambako ndiko angepata feza na ambako walimujua, kulifungwa. Nyumbani kulibaki yale mashindano madogo ya wasio wazungu, ambayo zawadi yake haikutosha kodi ya nyumba.

Alikuwa na umri ambao mchezaji wa golfu yuko katika nguvu zake zote. Kabumbu linamaliza mtu akiwa na miaka 33 ao 35. Golfu linampa mtu mpaka miaka 45 na kupita. Hiyo ndiyo miaka aliyonyang'anywa. Miaka ya 1970 ilipoanza kuleta ulegevu kidogo, kwa sababu ya vikwazo vya dunia, mwili ulikuwa umechoka na mazoezi yalikuwa yamekatika. Mwaka 1976 mweusi mwingine wa Afrika ya Kusini, Vincent Tshabalala, alishinda Open ya Ufaransa. Wakati huo Papwa alikuwa Durban, masikini.

Alikufa mwezi wa 7 mwaka 1978, moyo ulisimama. Hakufikisha miaka 50. Watu walikuwa wengi kwenyi maziko, lakini hakuacha mali ya maana kwa bibi na watoto.

Miaka 16 baadaye apartheid ilianguka kwa kura. Serikali mpya ilimupa Papwa nishani ya Ikhamanga, ambayo inchi ile inawapa watu wa michezo na sanaa, na ilipokelewa kwa niaba yake, juu yeye hakukuwapo. Durban ina uwanja wa golfu wa manispaa wenye jina lake, upande wa Reservoir Hills, kando ya mto uleule wa Umgeni. Una mashimo 18, na mtu wa rangi yoyote anaingia kwa mulango wa mbele.